Kliniki ya utafiti wa magonjwa ya zinaa Mombasa: huduma nyota nne, kuturudishia majibu ya utafiti nyota moja

Kwa vile kila wiki kuna mteja akikaa nimsuke lazima aniulize "ati wewe uko kwa ule utafiti, ni kweli wanauza damu?", nimeona niandike mara moja nimalizane na haya mambo. Hii ni rivyuu ya kliniki moja ya utafiti hapa Mombasa, zile wanazopima ukimwi na magonjwa ya zinaa na kukufuatilia kwa muda mrefu waone nani anapata, nani hapati, na kwa nini. Jina silitaji, manake kuna maneno ntasema si matamu, alafu pia sitaki keshokutwa sista anikunjie uso. Ila niseme mapema si ile ya Ganjoni, hio ntaitaja kwa sababu nyengine. Mimi ni msusi, saluni iko Kisauni, mume wangu dereva wa trela, Mombasa Kampala Kampala Mombasa, kwa hivyo msiniulize nlienda kutafuta nini, kila mwenye mume wa safari anajua.

Nianze na mazuri kwa sababu ni mengi. Mlango wenyewe hauna utepe mwekundu wala neno ukimwi, ukipita wadhani ni ofisi ya kleringi tu, na kwa mji huu ambao ukionekana unaingia mahali saa nne, kufika saa sita mavyaa wako ashapigiwa simu, hilo ni jambo kubwa. Ndani eisii inafanya kazi. Nyinyi mwajua mwezi wa pili kukaa kwenye benchi la hospitali bila feni ni adhabu ya bure. Hawakuiti jina, wanakuita kwa namba, na yule sista wa kwanza alinipokea kwa "karibu mamangu, umekunywa chai?" na chai kweli ilikuwepo, chai ya rangi na mahamri, si maneno matupu. Kusubiri ndio kwingi, hilo ntalirudia.

Kabla hawajakugusa, kaunsela anakaa na wewe chumbani anakusomea fomu ya kukubali yote, ukurasa baada ya ukurasa, alafu anakugeuzia maswali yeye. Haya mama, ukichoka na utafiti utafanya nini? Nauli tunakupa ya nini? Ukikataa kuingia utanyimwa matibabu? Ukijibu sivyo anarudi nyuma anasoma tena. Nlidhani anapoteza muda kumbe ndio kazi yenyewe, manake utafiti wa watu hapa Kenya lazima upitishwe na kamati ya maadili na upate kibali cha NACOSTI, ile tume ya serikali ya sayansi na utafiti, na kamati ndio inauliza, je hawa watu wamekubali wakielewa ama wameburutwa. Mpaka nauli inapitia kwa kamati, isiwe ndogo ukateseka, isiwe kubwa ikaonekana umenunuliwa. Asiyejua kuandika anaweka dole gumba na shahidi wake yupo hapo. Na lile la damu, hapo ndipo nliwaheshimu: fomu inasema watatoa kiasi gani, wataipima nini, itakaa frijini muda gani na kama itasafirishwa nje, na pale pa kuiweka kwa utafiti wa baadaye kuna sahihi yake peke yake. Mimi nlikubali utafiti nikakataa damu yangu iwekwe. Kaunsela hakununa, akatia alama ya hapana tukaendelea. Kwa hivyo wateja wangu jibu ndilo hilo, someni ndio mtie sahihi.

Shida ni kopi. Lazima upewe kopi ya hio fomu uende nayo nyumbani, sawa, ni haki yako, ina namba ya daktari mkuu na ya kamati ukiwa na malalamiko. Lakini hebu fikiria, karatasi kurasa nane imeandikwa magonjwa ya zinaa kule juu kwa herufi kubwa, unaenda kuificha wapi kwenye nyumba ya vyumba viwili unayokaa na mavyaa? Nliitia kwenye kasha chini ya leso za harusi, wiki ile ile mavyaa akataka leso ya kwenda matangani. Roho ilinitoka. Sai nawaambia wote, unaweza kuwaomba wakuwekee kopi yako pale pale kliniki, wanakubali bila neno, ila hawakuambii mpaka uulize.

Haya, vipimo. Nyota nyingi zimetoka hapa. Kliniki za mtaani tulizozoea ukienda ukasema natokwa na uchafu unapewa sindano na pakiti ya vidonge vya kuua kila kitu kwa pamoja, hupimwi. Si uvivu wa sista, ndio muongozo wenyewe mahali hakuna maabara, unatibu dalili. Ubaya wake uko pande mbili. Klamidia na kisonono kwa wanawake wengi hazionyeshi dalili yoyote, unatembea nayo mpaka inapanda kwenye mirija ya uzazi, siku unatafuta mtoto humpati, na mtu kama huyo asiye na dalili hata haendi kliniki, aende kusema nini? Alafu upande wa pili, uchafu mara nyingi wala si ugonjwa ulioletewa na mume, ni fangasi, ama ni wale bakteria wa kawaida wa ukeni mpangilio wao umevurugika. Sasa wewe ushapewa dawa za kisonono, ushaambiwa umlete mumeo, umefika nyumbani umewasha moto, nyumba imevunjika kwa fangasi. Nimewaona wateja wangu mimi.

Pale wanakupa kijiti kirefu chenye pamba na kichupa chake, unaingia chooni unajichukulia mwenyewe, hakuna taa ya kumulikwa wala kile kidude baridi cha kufungulia, hicho ni siku ya kuangaliwa shingo ya kizazi tu. Unaingiza kiasi cha kidole, unazungusha, unakitia kichupani unavunja kijiti pale penye alama, unafunga kifuniko. Kinapelekwa kwa mashini inayotafuta jeni za mdudu mwenyewe, saa moja na nusu hivi majibu ya klamidia na kisonono yako tayari, kwa hivyo siku hio hio unaondoka na dawa inayokuhusu ama unaondoka bila dawa. Ukimwi wanachoma kidole. Na hapo nisikizeni vizuri, kipimo cha kwanza kikionyesha mistari miwili hio si hukumu, Shirika la Afya Duniani, WHO, tangu 2019 linashauri vipimo vitatu tofauti vikubaliane ndio mtu aambiwe ana virusi, kwa hivyo ukiona sista anafungua kipimo kingine usizimie kwanza. Na ukipimwa wiki moja tu baada ya tukio majibu mazuri bado si majibu, mwili haujatengeneza cha kuonekana, rudi. Kaswende nayo wanapima, tiba yake penisilini ya makalio, dawa nzito hio, dada mmoja tuliyekaa naye foleni alitoka chumba cha sindano anatembea upande upande kama kaa wa Mtwapa, tukacheka mpaka mwenyewe akacheka.

Mtu atasema utafiti wa ukimwi, kisonono chaingiaje. Chaingia sana. Kidonda cha kaswende ama cha herpisi ni mlango ulioachwa wazi, na hata pasipokuwa na kidonda, mahali palipo na uvimbe wa ndani mwili hutuma chembe za kinga pale kupigana, na chembe hizo hizo ndizo virusi vya ukimwi vinazozitafuta kuingia. WHO ilikadiria mwaka 2020 peke yake maambukizi mapya ya magonjwa manne yanayotibika, yaani klamidia, kisonono, kaswende na trikomona, yalikuwa milioni 374 duniani. Magonjwa yanayotibika hayo! Na hapa kwetu bado twapeana kwa sababu mashini ile huikuti kila kliniki.

Sasa nije kwa lile lililonifanya niandike hasa.

Kuna siku kaunsela aliniuliza kwa heshima zake, "mamangu samahani, kule ndani unajiosha vipi?" Mimi ni mtu wa pwani nimefunzwa na somo yangu, mambo ya usafi ndio heshima ya mke, kwa hivyo nikaona haya nikacheka cheka. Akanieleza. Kumbe hapa hapa Mombasa kuna kina dada, wale wanaojitafutia riziki kwa ngono, walianza kufuatiliwa tangu 1993 kwenye kliniki ya Ganjoni, utafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Washington cha Marekani. Mwanamke anaingia hana virusi, anakuja mara kwa mara anapimwa, anaulizwa maisha yake, anatibiwa, na wanaangalia. 2006 ikachapishwa ripoti ya miaka kumi ya ufuatiliaji huo: waliokuwa wanajiosha kwa ndani walipata virusi zaidi kuliko wasiojiosha, na wa sabuni zaidi kuliko wa maji matupu. Na kabla ya hapo, 1999, kina dada hao hao walishaonyesha kwamba mwanamke aliyekosa wale bakteria wazuri wa ukeni, wanaotengeneza asidi ya kulinda pale mahali, yuko kwa hatari zaidi ya ukimwi na ya kisonono. Kaunsela alikuwa muangalifu, akasema huu ni utafiti wa kuangalia watu walivyo, hawakugawanywa makundi kwa kura, kwa hivyo huwezi kuapa kuwa sabuni ndiyo iliyoleta. Lakini mama, akasema, faida ya kuosha ndani haipo hata moja, kwa hivyo ya nini kubahatisha?

Nlikaa kimya. 1999 na 2006 jamani. Hizo zote nimo saluni, wateja wanakaa pale wananipa siri zao zote, mara shabu ya kubana, mara dawa ya unga imetoka Marikiti, mara maji ya limau, mara sabuni ya kufulia kabisa, na muuzaji anapita mlangoni kwangu na kikapu chake anauza na mimi nampa kiti. Na jibu lilitoka hapa hapa, kwa wanawake wa mji huu, kwa damu yao na vijiti vyao. Likasafiri likasomwa na madaktari duniani, ila kuvuka daraja la Nyali kuja Kisauni likashindwa. Sisemi wale wa Ganjoni hawakusema, labda walisema sana, mimi nasema saluni kwangu halikufika. Na kwa wale wataouliza dini, kustanji kwa nje hakuna aliyekukataza, maji kwa nje endelea, ni vidole na sabuni na shabu ndani ndiko kulikozungumzwa.

Ngoja kuna la Depo pia, hili ndilo wateja wangu hupigania maneno. Nusu ya saluni yangu wako kwenye sindano ya miezi mitatu. Uvumi kwamba sindano inaleta ukimwi mmeusikia nyote, na wengi wadhani ni fitina za wasiopenda uzazi wa mpango. Kumbe wasiwasi wenyewe ulianzia kwa utafiti halisi na Mombasa tumo, ripoti ya 1998 na nyengine ya 2004 kutoka kwa hao hao kina dada zilionyesha waliotumia hio sindano walipata virusi zaidi. Utafiti mwengine nchi nyengine ukasema ndio, mwengine ukasema la, miaka ishirini watu wanabishana, manake anayetumia sindano labda hatumii kondomu sasa utajuaje kosa ni la nani. Mpaka wakafanya ule mkubwa wa kura, unaitwa ECHO, wanawake 7,829 katika Afrika Kusini, Eswatini, Zambia na Kenya, kwetu ilikuwa Kisumu, mtu anapewa Depo ama kitanzi cha shaba ama kijiti cha mkononi kwa bahati nasibu. Majibu yakatoka Juni 2019: tofauti kubwa hakuna. Lakini kitu ambacho hakikutangazwa sana, katika makundi yote matatu maambukizi yalikuwa mengi, karibu wanawake wanne katika kila mia kwa mwaka, na hawa ni wanawake wa kawaida tu walioenda kutafuta uzazi wa mpango, si wa barabarani wala wa baa. Mimi hio namba ndio iliyonikosesha usingizi, si sindano.

La tohara nalipita haraka kwa sababu mwanamume wa hapa kwetu ashatahiriwa zamani. Miaka ya tisini waliwafuata wafanyikazi wa makampuni ya malori hapa Mombasa, watu wa kazi ya mume wangu, wakaona wasiotahiriwa wanaambukizwa zaidi, baadae majaribio makubwa ya Kisumu, Rakai kule Uganda na Orange Farm Afrika Kusini yakathibitisha hatari inapungua kwa kama asilimia 60. Kwa mwanamume. Kwa hivyo shoga yangu unayeniambia "wangu katahiriwa hana neno", hio kinga ni yake anapoingia, si yako akishakuwa navyo.

Nywele sasa, mada yangu. Nlipoingia awamu ya pili wakaniambia wataomba nywele kidogo za kisogoni, karibu na ngozi. Nikashtuka, nywele mnataka za nini, kwetu mtu akichukua nywele yako unajua kinachofuata. Kumbe dawa uliyomeza inajiandika ndani ya unywele kadri unavyoota, wakipima wanajua mwezi uliopita ulimeza ama ulidanganya. Kulikuwa na utafiti Kisumu, wanawake 449 wa miaka 18 mpaka 30 ambao tayari wako kwenye prep, vile vidonge anavyomeza asiye na virusi asiambukizwe, kundi moja likapewa doksisaiklini wameze ndani ya saa 72 baada ya kufanya mapenzi bila kinga, wazuie klamidia na kisonono na kaswende. Dawa hio ilishafanya kazi vizuri kwa wanaume wa Marekani. Majibu yalichapishwa 2023, kwa wanawake wetu hakukuwa na tofauti. Watu wakaanza kusema mwili wa mwanamke mgumu. Wakapima nywele za baadhi yao: doksisaiklini ilionekana kwa asilimia 29 tu ya zile sampuli. Kwa mdomo wamesema tumemeza, nywele zimesema hapana. Na prep ilikuwa na kisa kama hicho, jaribio la wapenzi 4,747 wa Kenya na Uganda ambao mmoja ana virusi mwengine hana lilionyesha 2012 kinga ya asilimia 67 kwa dawa moja na 75 kwa mchanganyiko, lakini jaribio lengine la wanawake vijana, Bondo ya hapa Kenya ikiwemo, likaanguka mwaka huo huo kwa sababu damu ya wengi haikuwa na dawa.

Wasomi waliandika sana kutafuta sababu, wangekuja saluni ningewaambia kabla ya chai kupoa. Chupa ya vidonge inalia chakacha chakacha mkobani, ni chupa sawa na ya mwenye virusi, mume akiiona ataamini ni prep? Msichana wa miaka ishirini anayekaa kwa shangazi yake aiweke wapi? Huyo hatasema mbele ya daktari sikumeza, manake daktari amempa nauli na chai na heshima, ataona vibaya kumuudhi. Ndio maana ile sindano mpya ya kuzuia ukimwi, lenakapaviri, nimeipenda hata kabla sijaiona, mara mbili kwa mwaka, na kwa jaribio la wanawake vijana wa Afrika Kusini na Uganda lililotangazwa 2024, katika 2,134 waliochomwa hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Sindano haihitaji kufichwa kwenye leso.

Haya malalamiko. Kusubiri, unaambiwa saa mbili asubuhi unaonwa saa tano, na mimi saluni imefungwa, mteja aliyekuja kusukwa rasta za harusi ashaenda kwa jirani, hio nauli haifidii. Maswali ya kompyuta ni marefu na yanajirudia, umelala na wangapi, lini, kondomu ilikuwepo, alafu ukurasa wa tano yale yale kwa maneno mengine. Kufuatiliwa nyumbani ndio nlikuwa naogopa lakini hapo wamefanya vizuri: mwanzo mnaandikiana unakaa wapi na akija mtu ajitambulishe vipi, mimi nikasema aje kama mteja. Siku nlipokosa kwenda kwa sababu mtoto alikuwa na homa, kweli akaja dada akakaa kwenye kiti mbele ya mavyaa akasema anataka kusukwa aende kilioni. Nikaanza kumsuka, ana nywele fupi hazishikiki, tukaongea yetu kwa sauti ndogo, akalipa kabisa. Nimemuheshimu mpaka leo.

Kinachoniuma ni mwisho. Utafiti ukiisha umeisha, unapewa barua ya kwenda hospitali ya serikali, na kule mashini ya saa moja na nusu hakuna, unarudi kwa pakiti ya kuua kila kitu. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ndio kabisa, tulifika tukakuta mlinzi getini anasema rudini mtapigiwa simu, na baadhi yetu tulikuwa katikati ya dozi. Simu ilipigwa, lakini baadae sana. Sielewi vipi mtu anapanga utafiti wa miaka na hana mpango wa wiki mbili pesa ikikatika.

Alafu majibu. Yangu mwenyewe nimepewa yote, kwa siri, na yakielezwa. Nasema ya utafiti. Tulikuwa wengi, kila mmoja ametoa damu, kijiti, nywele, siri za kitandani. Mmegundua nini? Mpaka leo hakuna mkutano, hakuna karatasi, hakuna hata ujumbe wa simu. Nlimuuliza daktari mmoja kijana akaniambia iko kwa jarida, akanitumia linki, nikafungua, Kiingereza cha kuvunja meno alafu chini wanataka nilipe dola. Nilipe! Kusoma kuhusu mimi! Binamu yangu anayesoma Tekniko, hapo Tudor, akanipatia njia ya kuisoma bure tukakaa naye jioni moja pale barazani akinifafanulia, na hayo mengine mliyosoma hapo juu ya Ganjoni na Kisumu, ukitoa lile la kujiosha alilonieleza kaunsela, nimeanza kuyajua hivyo hivyo, kwa kuchokonoa, si kwa kuletewa.

Kwa anayetaka kwenda: beba kitambulisho, kunywa maji asubuhi mshipa uonekane, usijioshe ndani siku hio wala nyengine, nenda Jumanne ama Jumatano, Jumatatu foleni inafika nje. Ukikataliwa kuingia utafiti bado wanakupima na kukutibu siku hio, hio ni kweli nimeona. Majibu yako hayatolewi kwa mumeo wala bosi wako, kuna sheria ya ukimwi ya 2006 inayokataza na ina baraza lake maalumu la kesi, kwa hivyo ukisikia siri yako imetoka pana pa kushtaki. Hulazimishwi kubaki, mimi kuna shoga yangu alitoka katikati na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Juzi wamenipigia tena, wanaanza mwengine, wanataka wanawake waliomaliza ule wa kwanza kwa sababu twajulikana hatukosi. Nikamwambia kaunsela, mamangu nakupenda, chai yenu naipenda, lakini mkono sinyooshi mpaka mniletee majibu ya ule, kwa Kiswahili, yawe ya karatasi moja niyabandike kwa kioo cha saluni. Akacheka akasema hilo zuri ataliuliza kwa wakubwa. Nimeshaweka nafasi kwenye kioo, pembeni ya bei za kusuka.